Je, wajua? Kwa nini umeseti digrii 60 na sufuria bado inapitiliza

Kwa muda mrefu niliamini namba unayoweka kwenye kontrola ya joto (kile kiboksi unachochomekea sufuria, chenye sensa inayoingia kwenye maji) ni kama kukanyaga mafuta, yaani ukitaka sufuria ya umeme ya kupikia taratibu ifike 60 chapchap unaiwekea 80 halafu baadaye unairudisha, na ningekubishia mchana kutwa. Kumbe wapi. Hita ya wati 200 ni wati 200 tu, uweke 60 uweke 90, maana kazi ya kontrola ni kuwasha na kuzima, basi. Lita 4 za maji kwa wati 200 zinapanda kama digrii 0.7 kwa dakika, na hapo sijatoa joto linalopotelea hewani, kwa hiyo kutoka 25 hadi 60 ni dakika 50 na ushee, ubonyeze utakavyobonyeza. Ukiweka 80 ukasahau kurudisha, utaipata 80 yako na nyama imekakamaa.

Sasa hata ukiseti 60 yenyewe bado inapitiliza, na hapa ndo patamu. Sensa ikisoma 60 unasikia relei, ile swichi ya ndani ya kontrola, "ta", umeme umekatika. Ila chungu kizito kilichozungukwa na hita kina moto kuliko maji, chenyewe hakina habari na relei, kinaendelea kuyapa maji joto lililobaki. Ni kama nahodha anayeleta chombo gatini: akingoja afike ndo azime mashine, gati atalibamiza. Mzoefu anapunguza kadiri umbali unavyoisha, anaangalia anakaribia kwa kasi gani, na akiona mkondo unamrudisha nyuma kila mara anaongeza kidogo kufidia.

Hayo matatu ndiyo PID, herufi za Kiingereza za proportional (umbali uliobaki), integral (kufidia kinachojilimbikiza) na derivative (kasi ya kukaribia). Na mfano wa chombo sikuuokota njiani, mhandisi Nicolas Minorsky alichapisha hesabu zake mwaka 1922 akishughulikia usukani wa meli unaojiendesha, baada ya kuwaangalia mabaharia wanavyoushika. Leo hesabu hizohizo zinachunga supu! Kontrola ya PID inaweza kuwasha sekunde 3 katika kila 10, kisha 2, kisha 1, kabla hata hujafika 60.

Kama yako ni ya kuwasha na kuzima tu usiitupe, kwa kupika masaa 8 kupanda na kushuka digrii moja mbili si tatizo, ingawa inategemea uzito wa chungu na maji yaliyomo. Kwenye PID washa kile kipengele cha kujipima yenyewe (autotune), lakini uipime na sufuria iliyojaa kama utakavyopikia, maana ikijifunza kwa maji kidogo itakosea kwenye mengi.

Sufuria iwe ya swichi ya kuzungusha, zile za vitufe, kontrola ikikata umeme kisha ukarudi, nyingi zinabaki zimezima. Na sensa uifunge vizuri. Ikichomoka ikaning'inia nje inasoma 25 ya chumbani, kontrola inaona "bado baridi", na hita haizimi tena.