Alama ya & kwenye faili za XML: ufafanuzi kwa watengeneza mifumo

Tangu tulipoacha kupokea ankara za karatasi na kubaki na XML (muundo wa faili unaofunga data ndani ya tagi kama <jina>), lalamiko linaloongoza kwenye dawati letu ni "mfumo wenu umekataa faili letu bila sababu." Sababu ipo, na mara nyingi ni herufi moja.

Chukua mteja anayeitwa Juma & Wanawe. Ukiandika <jina>Juma & Wanawe</jina>, faili zima limeharibika. Katika XML alama hiyo hufungua entiti (msimbo mfupi unaosimama badala ya herufi au maandishi), na kanuni za XML 1.0, zilizotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Februari 1998, zinakitaka kichanganuzi (programu inayosoma XML) kisimame kikikuta kosa la aina hii. Si uamuzi wa afisa wa zamu, kwa hiyo kupiga simu ili "mtupitishie tu" hakusaidii. Andika Juma &amp; Wanawe.

Entiti zinazotambulika bila kutangazwa ni tano: &amp;, &lt;, &gt;, &quot; na &apos;. Basi. &nbsp; ni ya HTML; hapa andika &#160;. Wanaotumia lugha ya programu ya PHP huponzwa na htmlentities(), inayogeuza José kuwa Jos&eacute;. Tumia htmlspecialchars() pamoja na chaguo la ENT_XML1, faili liwe UTF-8 (usimbaji wa herufi), na é itapita yenyewe. Na tafadhali, acheni kufuta apostrofi ya ng'ombe! Katikati ya tagi ya kufungua na ya kufunga haina kosa lolote; &apos; inahitajika pale tu thamani ya atributi (sifa iliyoandikwa ndani ya tagi yenyewe) ilipofungwa kwa alama hiyohiyo.

Kubadilisha alama ya & mara mbili ni balaa zaidi, kwa sababu &amp;amp; ni halali na faili hupita. Risiti hutoka imeandikwa "Juma &amp; Wanawe", na hapo hatusahihishi kwa barua pepe: unatuma ombi la kufuta lenye namba ya ankara ya awali, unasubiri jibu la kukubaliwa, ndipo unatuma ankara mpya kwa namba mpya.

Kuhusu majina yanayodaiwa "kukatwa na mfumo wenu": hayakukatwa kwetu. Kichanganuzi cha PHP cha xml_parser_create() kinaweza kuita kishughulikia maandishi (sehemu ya msimbo wako inayopokea maandishi) mara kadhaa kwa tagi moja, hasa penye entiti. Hupokea "Juma ", kisha "&", kisha " Wanawe". Msimbo wenye $jina = $data hubaki na kipande cha mwisho. Andika $jina .= $data, na uanze na $jina tupu kila tagi inapofunguka.

Faili lenye DOCTYPE (tangazo la mwanzoni linaloweza kutangaza entiti mpya) tunalikataa bila kulisoma, maana entiti iliyotangazwa humo inaweza kuagiza faili la siri la seva, au kutanuka hadi kumbukumbu ijae. Nanyi mnapopokea XML ya wengine, msiwashe LIBXML_NOENT, bendera ya kusomea XML katika PHP; licha ya jina lake, hiyo ndiyo inayotanua entiti, haizuii.

Faili lililokataliwa huhesabika halikutumwa. Muda wa mwisho hausogei, na adhabu ya kuchelewa huanza kuhesabiwa siku inayofuata, hata kama kosa lilikuwa & moja.