Je, wajua kwa nini treni zimechorwa kwenye majumba ya Mandawa?

Mandawa ni mji mdogo wa eneo la Shekhawati, jimbo la Rajasthan nchini India, uliokua kandokando ya ngome ya karne ya 18. Vichochoro vyake ni vya vumbi, lakini kuta zimejaa michoro: tembo, mungu Krishna, na papo hapo treni, magari, hata ndege ya ndugu wawili wa Wright, Wamarekani waliobuni eropleni. Yamefikaje huko nusu jangwa?

Yaliletwa na fedha za mbali. Zamani misafara ya ngamia kati ya bandari za Gujarat na Delhi ilipita hapa, na watawala wadogo wa eneo hili waliivuta kwa ushuru nafuu. Wafanyabiashara wa hapa, jamii iitwayo Wamarwari, wakatajirika. (Hawa si wale wenye asili ya Gujarat na Kutch tuliowazoea Mombasa na Unguja.) Karne ya 19 Waingereza wakahamishia biashara Calcutta na Bombay, na misafara ikafifia. Wamarwari wakaifuata huko, wakiuza pamba na kasumba (afyuni). Wake na wazee, hata hivyo, walibaki, na heshima ya ukoo ilipimwa nyumbani, hasa watu walipokuja kuposa. Basi faida ya mjini ikajenga haveli, majumba yenye nyua mbili: wa nje kwa wanaume na wageni, wa ndani kwa wanawake. Jirani akipamba ukuta mmoja, wewe unapamba zote.

Wachoraji walikuwa waashi wenyewe. Walipaka rangi lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi; ilipokauka, chokaa iliifunga rangi ndani yake, na ndiyo maana michoro mingi imestahimili jua la miaka mia na zaidi. Nyeusi ilitokana na masizi, bluu na mti wa nili, nyekundu na udongo. Baadaye zikaja rangi za viwandani kutoka Ulaya, kwa hiyo bluu kali mara nyingi ni dalili ya jumba la karibuni.

Wachoraji wengi hawakuwa wameiona treni. Walichora kwa kusimuliwa na kwa kutazama picha zilizochapwa, ndiyo maana baadhi ya mabehewa yanaonekana kama vibanda vilivyopangwa mstari. Mimi treni hizo ndizo nazipenda kuliko Krishna wote.

Kufikia miaka ya 1930 ujenzi ulikuwa umekoma, familia nzima zikihamia mijini. Majumba kadhaa sasa ni hoteli. Mengine yana mlinzi tu, maana warithi ni wengi na wametawanyika, na wasipokubaliana hakuna wa kuuza wala wa kukarabati.