Mtoto aliyeshika bunduki anarudije darasani?

Wengi wakisikia habari za kuwaelimisha upya watoto waliotumikishwa vitani, hudhani ni mihadhara ya kuwatoa sumu kichwani. Mihadhara ipo, lakini haifiki mbali. Sierra Leone ilipigana tangu 1991 hadi 2002, na zaidi ya watoto 6,800 wakapokelewa rasmi kutoka kwa wapiganaji. Kilichosumbua zaidi huko kilikuwa dawati.

Chukua mvulana wa miaka 14 aliyetekwa akiwa na 8. AK-47 anaifungua na kuiunga bila kutazama. Kuandika jina lake hawezi. Na jina lenyewe halimkai vizuri mdomoni, maana porini aliitwa kwa jina la kivita. Mweke darasa la kwanza na watoto wa miaka 6: magoti yanagonga meza, wadogo wanacheka, na wiki ya pili humwoni tena. Ndiyo maana ukaanzishwa mpango wa masomo ya haraka ulioitwa CREPS, ambamo elimu ya msingi ya miaka 6 ilibanwa ikawa ya miaka 3.

Halafu kuna wale aliowakuta darasani. Huenda kikundi chake ndicho kilichochoma nyumba yao. Ukimnunulia yeye peke yake madaftari na sare, umewaambia wenzake kwamba aliyeua ndiye anayetunzwa. Kwa hiyo shule iliyompokea bila ada ilipewa vifaa vya kutumiwa na wanafunzi wote. Kwa maoni yangu, hakuna uamuzi uliokuwa wa busara kuliko huo. Jirani Liberia, baada ya vita kwisha 2003, watoto nao walipewa dola 300 taslimu kama watu wazima, na makamanda wakawa wanazisubiri fedha hizo wawanyang'anye. Kanuni za Paris za 2007, mwongozo wa kimataifa kuhusu watoto waliotumiwa na vikundi vya kivita, zinakataza mtoto kupewa fedha mkononi.

Wasichana je? Kati ya wale 6,800 wa Sierra Leone hawakufika hata mmoja kwa kila kumi, ingawa walikuwa wengi katika kambi za wapiganaji: wapishi, wabeba mizigo, waliolazimishwa kuwa wake za makamanda. Masharti yalisema mtoto hahitaji kuja na silaha, lakini mara nyingi kwenye mlango wa kituo cha kupokelea waliulizwa bunduki iko wapi. Wengi wakaondoka kimya, mtoto mchanga mgongoni, wala hawakuandikwa popote.