Samurai tunayemnukuu na samurai aliyeishi: dhana potofu na ukweli

Kuna orodha ya fadhila saba za samurai inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye semina za ujasiriamali na kwenye kuta za kumbi za karate: uadilifu, ujasiri, huruma, adabu, ukweli, heshima na uaminifu. Chini yake huandikwa kwamba mashujaa wa Japani waliishi kwa kanuni hizo kwa mamia ya miaka. Fadhila zenyewe ni njema, na sina ugomvi na kijana anayezishika. Historia inayobandikwa chini yake ndiyo isiyo ya kweli, na ina madhara, maana mtu akiamini amepokea sheria ya kale isiyohojiwa, huimeza nzimanzima, pamoja na sehemu zilizowahi kuua watu.

Dhana: Bushido ni sheria moja ya kale, waliyoiandika samurai wenyewe

Bushido maana yake ni njia ya samurai, na haikuwepo sheria moja ya namna hiyo. Kila ukoo mkubwa ulikuwa na maagizo yake, na mengi yalihusu mambo ya nyumbani na utawala. Orodha tunayoijua leo imetoka kwa sehemu kubwa kwenye kitabu cha Nitobe Inazō kilichotoka mwaka 1900, na kiliandikwa kwa Kiingereza. Nitobe alizaliwa mwaka 1862 katika familia ya samurai, lakini alikuwa bado mtoto tabaka hilo lilipovunjwa. Alisomea kilimo Sapporo, akawa Mkristo wa madhehebu ya Quaker, akaoa Mmarekani. Kitabu alikiandika akiwa California, akijiuguza.

Kwa nini alikiandika? Mwanasheria mmoja wa Ubelgiji alikuwa amemuuliza Wajapani huwafundishaje watoto maadili ikiwa shuleni hakuna somo la dini. Nitobe alikosa jibu papo hapo, na kitabu ndicho kikawa jibu lake. Alikuwa anamweleza Mzungu wa zama zake kwamba Japani nayo ina utu na ustaarabu. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini anayeinukuu ajue anamnukuu msomi wa mwanzo wa karne ya 20 aliyetazama nyuma kwa mapenzi. Samurai wa miaka ya 1500, aliyechoma vijiji vya adui na kupeleka vichwa kwa bwana wake ili alipwe, hakuwa na orodha hiyo.

Dhana: Samurai alikuwa mtu wa vita maisha yake yote

Hii naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Tokugawa Ieyasu alitwaa cheo cha shogun, yaani mtawala mkuu wa kijeshi, mwaka 1603. Baada ya kuanguka kwa ngome ya Osaka mwaka 1615 na maasi ya Shimabara ya 1637 hadi 1638, Japani ilikaa zaidi ya miaka 200 bila vita kubwa. Vizazi na vizazi vya samurai walizaliwa, wakavaa panga mbili kiunoni, wakazeeka na kufa bila kuuona uwanja wa vita. Kazi zao zilikuwa za ofisini: kukusanya kodi ya mpunga, kukagua mabwawa, kuamua kesi, kutunza ghala. Mshahara wao ulihesabiwa kwa mchele, na wa vyeo vya chini haukutosha. Wengine walitengeneza miavuli nyumbani ili familia ile.

Familia ya Inoyama ya jimbo la Kaga ni mfano ninaoupenda. Walikuwa wahasibu wa bwana wa jimbo, kizazi baada ya kizazi. Kuhesabu fedha za wengine hakukuwaokoa wao, kwa sababu cheo kilikuja na gharama zake: zawadi, sherehe, mavazi, watumishi. Madeni yakapita mara mbili ya mapato yao ya mwaka. Mwaka 1842 wakaamua kuuza vitu vya thamani vya nyumbani, wakalipa walichoweza, na tangu siku hiyo wakaandika kila matumizi kitabuni. Kumbukumbu hizo zipo hadi leo, zinaendelea hadi mwaka 1879. Kwa mtu wa mjini anayekatwa mikopo kwenye mshahara na huku akichangia kila harusi, samurai huyu ana cha kumfundisha kuliko yeyote wa kwenye sinema.

Na vitabu vya samurai vinavyonukuliwa zaidi vimetoka katika zama hizo za amani. Waandishi wake walikuwa wakijiuliza nidhamu ina kazi gani wakati adui haji. Swali hilo ni letu pia.

Dhana: Falsafa ya samurai ni kutafuta kifo

Hapa hutajwa Hagakure, mkusanyiko wa maneno ya Yamamoto Tsunetomo wa jimbo la Saga, yaliyoandikwa na mwanafunzi wake Tashiro kati ya 1709 na 1716. Kauli yake kwamba njia ya samurai hupatikana katika kufa imechapishwa kwenye fulana duniani kote. Tsunetomo hakupigana vita hata moja. Alikuwa mtumishi na mwandishi wa bwana wake, na bwana huyo alipofariki mwaka 1700 alikatazwa na sheria kujiua ili amfuate kaburini, akanyoa nywele akawa mtawa. Maneno yake ni ya mtu mwenye uchungu, anayeona zama zimempita. Kando ya kauli hizo kali mna mashauri ya kawaida kabisa, kama namna ya kuzuia mwayo mbele za watu na haja ya kumjulisha mtu kabla hujamtembelea.

Kitabu kilikaa Saga kwa muda mrefu bila kujulikana sana nje. Karne ya 20 ndiyo iliyokipa umaarufu, kikasomwa sana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1941 jeshi la Japani liliwapa askari maagizo yaliyosema kutekwa ni aibu isiyostahimilika. Matokeo yake yalionekana kwenye visiwa vya Saipan na Okinawa, ambako hata raia walijiua. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kunukuu si mchezo.

Daidōji Yūzan, samurai mwandishi aliyeishi kati ya 1639 na 1730, naye aliwaambia samurai vijana wakikumbuke kifo usiku na mchana. Sababu zake lakini ni nyingine kabisa. Anayejua leo yaweza kuwa ya mwisho, anasema, huwatunza wazazi wake vizuri, hupima maneno ili asizue ugomvi, hajishindilii chakula na pombe, na hivyo huishi miaka mingi akiwa na afya. Anayejidhani ana muda mwingi ndiye anayezembea. Kati ya wawili hawa, mimi ningemchagua Yūzan kwa ajili ya mtu mwenye kazi na watoto.

Dhana: Samurai alimtii bwana wake bila masharti

Mwaka 1582 Oda Nobunaga, bwana mkubwa wa vita, aliangamizwa na jemadari wake mwenyewe, Akechi Mitsuhide. Vita vya Sekigahara vya 1600 viliamuliwa kwa kiasi kikubwa na Kobayakawa Hideaki kuhamia upande wa adui katikati ya mapigano. Tōdō Takatora alibadilisha mabwana mara nyingi, kila alipoona huduma yake haithaminiwi, na alimaliza maisha akiwa bwana wa jimbo la Tsu na fundi mashuhuri wa kujenga ngome. Utii ulikuwa mapatano: bwana anatoa ardhi au mchele na ulinzi, mtumishi anatoa huduma. Utii usiouliza ulihubiriwa zaidi wakati wa amani, mabwana walipokuwa hawana tena ardhi mpya ya kugawa. Bosi anayechelewesha mishahara miezi mitatu huku akiwahubiria wafanyakazi utii wa samurai amechukua upande mmoja tu wa mapatano.

Dhana: Musashi alikuwa mpweke aliyeshinda kwa upanga tu

Miyamoto Musashi, bingwa wa upanga, anaandika kwamba alishinda mapambano zaidi ya 60 kabla ya kufika miaka 30. Kilichobaki cha maisha yake, hadi alipofariki mwaka 1645, kina faida zaidi kwetu. Alichora, alichonga, na mwishoni akatunzwa na ukoo wa Hosokawa huko Kumamoto, ambako aliandika kitabu chake cha mbinu. Humo anamfananisha jemadari na fundi mkuu wa useremala. Fundi huuweka mti ulionyooka usio na fundo kwenye nguzo za mbele, wenye fundo lakini imara mahali pasipoonekana, na ulio dhaifu na uliopinda huufanya jukwaa la ujenzi, baadaye kuni. Mafundi wake nao huwapanga kwa uwezo wa kila mmoja. Kati ya kanuni zake zimo hizi: jua kazi za watu wengine, pambanua faida na hasara, angalia hata mambo madogo, usifanye lisilo na maana. Anayeongoza watu ofisini au shambani aanzie hapo.

Mengine kwa ufupi

Upanga haukuwa silaha kuu ya vitani: kwanza ilikuwa upinde juu ya farasi, kisha mkuki, na bunduki zilipofika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543 samurai walizipokea haraka. Si wote walifuata Zen, tawi la dini ya Kibuddha. Takayama Ukon, kwa mfano, alikuwa Mkatoliki. Karate imetoka Okinawa, na Funakoshi Gichin aliionyesha Tokyo mwaka 1922, tabaka la samurai likiwa limeshavunjwa. Wanawake nao walipigana: Nakano Takeko alikufa vitani katika jimbo la Aizu mwaka 1868. Na Mwafrika aliyeitwa Yasuke, ambaye maandishi ya Wajesuiti, wamisionari wa Kikatoliki, yanasema alitoka Msumbiji, alimtumikia Nobunaga kuanzia 1581, akapewa posho, makazi na upanga.

Kwa anayetaka maagizo ya kufuata kweli

Yapo maagizo 21 yanayonasibishwa na Hōjō Sōun, bwana wa vita aliyefariki mwaka 1519, na yameandikwa karne kadhaa kabla ya Nitobe. Lala mapema, kwani wezi huja usiku wa manane na mafuta ya kuwashia taa huteketea bure. Amka kabla ya alfajiri, ukague nyumba yako. Usiseme uongo hata nusu neno, kwa mkubwa wala mdogo. Usitamani panga na nguo nzuri kama za wenzako. Yatosha zisikuaibishe, kwani ukikopa ili ulingane nao watakudharau. Na uwe na kitabu mfukoni, ukikisoma kila upatapo nafasi.