Je, wajua kwa nini makanisa mengi ya Waafrika Ulaya hayajiiti ya Kiafrika?

Ukipita London jumapili ukute ukumbi umejaa Wanaijeria na Waghana wanaomba kwa sauti mpaka madirisha yanatetemeka, fasta utasema hawa wamekumbuka kwao. Wengi wanaamini hivyo, eti kanisa la wahamiaji ni chama cha watu wa nyumbani chenye Biblia juu. Sasa muulize mchungaji, atakwambia hili ni kanisa la mataifa yote na Mungu ndiye aliyemtuma huku. Angalia hata Kingsway International Christian Centre, Matthew Ashimolowo alilianzisha London 1992 na jina halina Nigeria wala Afrika.

Na sio kwamba wanaona aibu kwao. Huo ni ulokole unafanya kazi yake.

Kuokoka ni kama kubadilisha laini ya simu: simu ni ileile, namba za ndugu bado zimo, ila kuanzia leo unapatikana kwa namba mpya. Yule ambaye uhamiaji wanamwita mwomba hifadhi, kanisani ni mtumishi, anaweka watu mikono, anatoa unabii, na hiyo heshima haisubiri karatasi za serikali. Ndo maana safari yenyewe inageuka, hakuja kutafuta maisha tu, katumwa kuhubiri kwa Wazungu walioacha kanisa.

Kabla yao walikuwepo watu wa Aladura, makanisa ya maombi ya Wayoruba, nao kutoka Nigeria, waliofika London miaka ya 60 na kanzu zao nyeupe, ibadani peku, Uafrika unauona kwa macho. Walokole waliokuja baadaye wengi wao mambo ya mila waliyaona ni mlango wa mapepo. Lakini hapa ndo pananifurahisha kuliko pote: nenda kwenye mkesha usikie wanachokemea, laana za ukoo, uchawi, ndoto mbaya, mizimu ya babu, bibi wa kijijini hata kama hajawahi kuingia kanisani angeelewa kila ombi. Yaani Afrika imefukuzwa mlango wa mbele ikarudi na maombi ya kuifukuza.

Kuhusu hayo mataifa yote, Sunday Adelaja, Mnaijeria aliyeenda Muungano wa Sovieti 1986 kusomea uandishi wa habari, alianzisha kanisa Kyiv 1994 na waumini wake wengi wakawa Waukraine. Ila huyo ni wa kipekee. Makanisa mengi ya aina hii huko Ulaya bado yanajaza Waafrika, na Wazungu wanaokaa humo mara nyingi wamekuja kwa kuoa au kuolewa.