Kipimo cha damu cha mjamzito hakitoi jibu la mwisho

Ule ujumbe wa "damu ikionyesha mtoto ana Down (hali ya kuzaliwa na kromosomu ya ziada), hakuna cha kupima tena, amueni kuhusu mimba leo leo" umerudi kwenye magrupu. Si kweli, na tafadhali usiusambaze; humo ndani huenda yumo mama anayesubiri majibu.

Kipimo hicho, cha kuanzia wiki ya 10, husoma vipande vya DNA (chembe za urithi) vilivyo kwenye damu ya mama, vikiwemo vinavyotoka kwenye kondo la nyuma. Kinachuja tu, yaani kinaonyesha uwezekano. Ile "asilimia 99" inayotajwa kuhusu kipimo hiki ni uwezo wa kunasa mimba zenye tatizo hilo, si uhakika kwamba mwanao analo. Kwa mama kijana, jibu la "hatari kubwa" hukosea mara nyingi. Muulize daktari: hiki kinachuja au kinathibitisha? Kuthibitisha huchotwa maji yanayomzunguka mtoto, kuanzia wiki ya 15, kabla ya uamuzi wowote.