Kichomi kimepoa, lakini pumzi zinakatika

Mimi ni muuguzi hapa Lamu. Wagonjwa wa maji kifuani huniletea kisa kile kile: ubavu ulichoma, wakakandwa, maumivu yakapoa, kisha pumzi zikaanza kuwaishia. Maswali yao ni haya.

Maji hayo yamo ndani ya pafu?

La. Pafu limevikwa utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani una utando wake. Baina ya tando hizo mna umajimaji wa vijiko vichache tu vya chai, ziteleze ukivuta pumzi. Ugonjwa ukiingia, maji hujaa hapo, pengine lita nzima na zaidi, pafu likakosa pa kutanukia.

Nimekandwa kwa mafuta na maumivu yameondoka. Si nimepona?

Hujapona. Kichomi kile ni tando zilizovimba zinazosuguana. Maji yakiongezeka huzitenga, hazigusani tena, na maumivu hupungua. Mkandaji anasifiwa, kumbe maji yanapanda.

Hata kama nalala vizuri sasa?

Unalalia upande gani? Wengi hulalia ubavu mmoja tu kwa sababu wakigeuka pumzi hazitoshi. Ukipanda ngazi za nyumbani ukahema, hujapona. Chuku ya kuumika haifiki huko, wala vidonge viwili vitatu vya dukani. Naomba sana: kichomi kilichopoa kikaacha pumzi fupi ni ugonjwa uliozidi.

Si baridi ya baharini?

Upepo hauleti maji kifuani. Kwa vijana, kwanza nafikiria kifua kikuu. Na usiniambie makohozi yalipimwa yakawa safi: kifua kikuu cha utando mara nyingi hakionekani kwenye makohozi, na kikohozi chake ni kikavu. Lazima picha ya kifua, na maji yenyewe yapimwe. Dawa ni bure katika vituo vya serikali, kwa kawaida miezi 6, na haziachwi mwezi wa pili kwa kuwa umenenepa. Nimonia nayo huweza kuacha usaha, na huo hutolewa kwa mrija; vidonge pekee havitoshi. Mzee mwenye miguu iliyovimba, tunaangalia moyo. Saratani pia tunaipima.

Tumesikia anayetolewa maji haishi.

Mliyemsikia alikaa wiki ngapi akikandwa kabla ya kuletwa? Sindano hailengi pafu. Unakaa umeinama mbele, unatiwa ganzi, inapitishwa katikati ya mbavu mpaka kwenye maji. Yakiwa mengi hatuyamalizi kwa mkupuo, maana pafu lililobanwa halipendi kufunguliwa ghafla. Kuna hatari ndogo ya hewa kuingia baina ya zile tando, ndiyo maana tunakuangalia baadaye. Kinachoua ni kuchelewa. Mgonjwa akifa siku ya tatu baada ya sindano, watu huhesabu siku tatu hizo, si miezi miwili ya nyuma.

Na hewa ikiingia bila sindano?

Hutokea, hasa kwa vijana warefu wembamba na wavutaji sigara. Kifua huchoma ghafla na pumzi kukatika. Mpiga mbizi anayevua kamba akipatwa na hilo asizamie tena mpaka daktari amruhusu. Wengine hawaruhusiwi kabisa.

Nije lini?

Kichomi kinachozidi ukivuta pumzi, chenye homa au kukonda, njoo kesho kwa boti ya kwanza kutoka Faza au Kizingitini, kisiwani Pate. Pumzi zikikatika ukiwa umekaa tu, au midomo ikigeuka rangi, msingoje asubuhi. Kodini boti usiku huo huo, na mgonjwa akae wima njia nzima, asilazwe chali.